Seli Shina Nilizonunua kwa Pakiti, na Zile Nilizozikuta Dodoma

Mwanangu wa pili, ambaye hapa nitamwita Elia, ana selimundu, ugonjwa wa kurithi unaozipinda seli nyekundu za damu. Tuligundua akiwa na miezi tisa, vidole vyake vya mikono na miguu vilipovimba vyote kwa mpigo nikadhani ameumwa na wadudu. Sasa ana miaka 11. Naandika kwa ajili ya mzazi mwenye mtoto kama wangu, ambaye siku yoyote atafuatwa na mtu wa kumwambia kuna tiba ya seli shina, yaani zile seli zinazozaa seli nyingine mwilini. Mimi nilifuatwa, nikakubali, nusura nimzike mtoto. Miaka miwili baadaye nikaonana na wataalamu wanaozifahamu seli shina kwelikweli, na hapo ndipo nilipoumia zaidi, kwa sababu kumbe jambo lenyewe lipo. Lipo na linaponya. Ila haliko kabisa kule nilikopeleka hela zangu.

Tunaishi Majengo, Moshi. Nauza nguo za watoto za mitumba soko la Memorial, mume wangu ni fundi magari. Mwanzoni mwa 2022 Elia alikuwa na miaka minane na alikuwa na nafuu. Alikuwa anakunywa haidroksiyurea, dawa ya hospitali ya kutuliza selimundu, kila siku pamoja na vidonge vya folik asidi, tunahudhuria kliniki, na ulikuwa umepita karibu mwaka bila kulazwa. Nalisema hili mapema kwa sababu watu hudhani anayedanganywa ni yule aliyekata tamaa. Mimi sikuwa nimekata tamaa. Nilikuwa nimechoka. Kila mwezi dawa, kila homa roho juu, kila asubuhi unafunua jicho la mtoto uone kama limekuwa la manjano. Mtu aliyechoka hivyo akiambiwa "atapona kabisa," halisikii neno lingine.

Aliyeniambia ni dada wa kikoba chetu, mtu ninayemheshimu, tunasali naye. Alikuja mezani kwangu sokoni, akaanza, "Mama Elia, mpendwa, Mungu amejibu." Akanionyesha kwenye simu picha za vikaratasi vya unga. Akasema ni stemu seli, yaani seli shina, imetengenezwa kwa tufaha la Ulaya, inaingia mwilini inatafuta seli zilizokufa na kuzifufua. Kisukari, presha, kiharusi, macho, uzazi, selimundu, vyote inatibu. Jumamosi iliyofuata tukapanda naye basi kwenda Arusha kwenye semina.

Ukumbi ulijaa. Watu walisimama kutoa ushuhuda, na mzee mmoja aliweka fimbo yake chini tukapiga makofi. Kisha mtoa mada akaweka ukutani picha ya mwanasayansi wa Japani, akasema huyu amepewa tuzo ya Nobel kwa sababu ya bidhaa hii. Mimi nilisoma hadi kidato cha nne. Nilipoona Nobel, maswali yakaisha.

Baadaye sana nilikuja kujua yule ni nani. Anaitwa Shinya Yamanaka, na tuzo alipata kweli, mwaka 2012, pamoja na Mwingereza John Gurdon. Mwaka 2006 alichukua seli za kawaida za panya akazirudisha nyuma hadi zikawa kama seli za mwanzo kabisa, zinazoweza kugeuka kuwa seli ya moyo, ya neva au ya damu. Mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa seli za binadamu. Ni kazi kubwa ya maabara. Hana uhusiano wowote na unga wa tufaha. Ndivyo walivyonikamata: picha ilikuwa ya kweli, tuzo ya kweli, maneno yaliyowekwa katikati ndiyo yalikuwa ya uongo. Ukiona mtu anauza kitu kwa picha ya mwanasayansi, muulize mwanasayansi huyo alitibu mgonjwa gani kwa kitu hicho hicho kilichoko mkononi mwako.

Boksi moja lilikuwa 290,000. Kwa mtoto wa selimundu nikaambiwa anahitaji mawili kwa mwezi, kwa miezi minne. Nikachukua mkopo wa kikoba, nikauza ng'ombe aliyekuwa Kibosho kwa mama mkwe wangu nikidai ni ada ya shule. Na kuna jambo ambalo mpaka leo nikilala linanirudia: nikajiunga kuuza, ili bei inipungukie. Nikamuuzia mwanamke wa meza ya tatu kutoka kwangu boksi la mume wake mwenye kisukari, na mama mmoja wa mtaani kwetu boksi la macho ya mama yake.

Kosa kubwa kuliko la hela lilikuja wiki ya tatu. Dada yule aliniambia dawa za hospitali ni kemikali, zinaua zile seli mpya kabla hazijashika. Nikaacha haidroksiyurea. Nikaacha na folik. Sikumwambia baba yake, sikumwambia daktari. Mwezi wa kwanza mtoto hakuumwa, nikaona dawa inafanya kazi. Sasa naelewa: haidroksiyurea inausukuma mwili utengeneze zaidi ile himoglobini ya uchangani (protini inayobeba oksijeni kwenye damu), ambayo haipindi seli, na ukiiacha, faida yake haiondoki siku moja. Inafifia polepole. Ule mwezi mzuri ulikuwa bado ni kazi ya dawa niliyoiacha.

Mwezi wa saba Moshi kuna baridi, na baridi na selimundu havipatani. Usiku mmoja Elia aliamka akilia miguu, kisha kifua. Kufika alfajiri hakuwa na nguvu za kulia. Nikamfunua jicho kwa tochi ya simu: jeupe ndani ya ukope kama karatasi, na mboni imezungukwa na njano. Hospitali walipima kiwango cha damu, wakasema 3.8. Kawaida yake ilikuwa inacheza kwenye 8. Mume wangu na shemeji zake wawili wakaenda kutoa damu.

Muuguzi aliyekuwa anamtafutia mshipa aliniuliza bila kuinua kichwa, "Mama, haidroksiyurea mara ya mwisho amekunywa lini?"

Nikasema, "Jana."

Mtoto akaniangalia. Mdomo umekauka, hawezi hata kuongea, lakini aliniangalia, na nikajua anajua. Nilikaa na uongo ule kama saa nzima, nikamwona daktari anahangaika kutafuta kwa nini dawa imeshindwa. Ndipo nikamvuta pembeni nikatoa pakiti kwenye mkoba.

Hakunigombeza. Alipasua pakiti, akamimina unga kiganjani, ukanukia kama juisi ya unga ya watoto. Akaniambia, "Mama, seli hai haikai kwenye pakiti kabatini. Ikihifadhiwa inagandishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Na hata ingekuwa hai, ukiimeza tumbo linaisaga kama ugali. Seli shina za damu zinaingia kwa mshipa." Akaniomba nisiseme uongo tena mbele ya kitanda cha mgonjwa, kwa sababu alikuwa karibu kumbadilishia mtoto matibabu kwa kosa ambalo halikuwepo. Hili nawasihi wenzangu: mmempa mtoto unga, mizizi, maji ya upako, vyovyote vile, semeni. Daktari atakuwa ameshasikia makubwa kuliko hayo.

Elia alilazwa siku 16. Nyumbani mambo yaliharibika kwa muda. Mume wangu hakunipiga wala kunitukana, alinyamaza, na kunyamaza kule kulidumu karibu mwezi. Mkopo wa kikoba nimeumaliza mwaka jana. Nilienda pia kuuliza kuhusu zile pakiti Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, jambo ambalo ningepaswa kulifanya kabla ya shilingi ya kwanza. Kama dawa, hazikuwa zimesajiliwa. Ndiyo maana kwenye boksi lenyewe hapakuandikwa kuwa zinatibu kitu chochote. Kutibu kulikuwa kunasemwa kwa mdomo tu.

Nilidhani baada ya hapo nisingetaka kulisikia tena neno seli shina. Lakini kwenye kliniki, mwaka 2024, daktari yuleyule akaniuliza kama Elia ana ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Nikamwambia wapo wawili, dada yake wa miaka 15 na mdogo wake wa sita. Akasema Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu, na kupandikiza uloto ndiyo tiba ya seli shina. Nilishtuka. Nikamuuliza, "Kwa hiyo walinidanganya nini sasa?" Akacheka kidogo, kwa huruma, akavuta kiti.

Alivyonieleza ni hivi. Ndani ya mifupa kuna uloto, na ndani ya uloto kuna seli shina chache ambazo kazi yao ni kuzaa damu yote: seli nyekundu, nyeupe na chembe sahani zinazogandisha damu. Watafiti wawili wa Toronto, Till na McCulloch, ndio walioonyesha kuwepo kwake kwa majaribio ya panya mwaka 1961. Seli nyekundu ya mtu mzima wa afya inaishi kama siku 120, ya Elia siku 10 hadi 20 tu, ndiyo maana damu inaisha. Unaweza kumwongezea damu kila mwezi, lakini kiwanda kinachozaa seli zilizopinda kiko palepale. Mwaka 1984 madaktari wa Marekani waliandika habari za msichana wa miaka minane aliyekuwa na saratani ya damu na selimundu kwa pamoja. Walimpandikiza uloto kwa ajili ya saratani, na selimundu nayo ikatoka. Ndipo watu walipoanza kuamini kwamba ugonjwa huu unaweza kuisha.

Niliporudi nilienda Kibosho kumweleza mama mkwe, na kumwomba radhi ya ng'ombe. Ni mzee wa miaka 74, hajasoma, lakini alielewa haraka kuliko mimi. Tulikuwa tumesimama kihambani. Akagusa mgomba mmoja uliokuwa unanyauka majani, akasema, "Huu umeingiliwa na mnyauko. Ukikata majani, mengine yatatoka na ugonjwa uleule. Ugonjwa uko kwenye tunguu, chini. Unang'oa tunguu lote, unasafisha shimo, ndipo unaomba chipukizi safi kwa ndugu." Kisha akaniuliza, "Sasa huyo mtoto, kulisafisha hilo shimo hakutamuua?"

Hilo ndilo swali lenyewe, na hakuna aliyeliuliza pale ukumbini Arusha. Kabla ya kupandikizwa, mgonjwa hupewa dawa kali, za jamii ile ya saratani, za kuondoa uloto wake. Kwa wiki kadhaa hana kinga, anakaa chumba cha peke yake, mdomo unatoka vidonda. Seli mpya huingia kwa dripu kama damu ya kawaida, watu wengi wanashangaa kwamba siku yenyewe ya upandikizaji ni kimya tu na mfuko umening'inia. Kisha mnasubiri zishike. Zinaweza zisishike. Zinaweza zikashika zikaanza kuushambulia mwili wa mwenyeji. Dawa zile zinaweza kumwondolea mtoto uwezo wa kuzaa baadaye, na mzazi anatakiwa kulijua hilo kabla ya kusaini. Kwa mtoto aliyepata ndugu wa kulingana naye kabisa, zaidi ya 9 kati ya 10 wanaishi. Tiba ya kweli ilikuja na hatari zake zimetajwa moja moja. Zile pakiti hazikuwa na hatari hata moja kwa maneno ya muuzaji.

Tuliondoka Moshi alfajiri, tukapita Arusha, Babati na Kondoa, tukafika Dodoma jioni, watu watano, na Elia amefungwa mablanketi mawili kwa ajili ya upepo wa basi. Kama mnaenda, bebeni maji mengi. Mtoto wa selimundu akikaukiwa maji safarini damu inakuwa nzito na maumivu yanaanza hapohapo kwenye kiti. Bebeni pia historia yote: daftari la kliniki, majibu ya damu, idadi ya mara alizoongezewa damu, na kipimo cha altrasaundi ya mishipa ya kichwa kama kilifanyika. Sisi tulisahau karatasi za kulazwa za 2022, tukapoteza siku nzima kupiga simu nyumbani.

Kipimo kinachotafutwa kinaitwa HLA. Ni alama za seli ambazo mtoto anarithi nusu kwa baba na nusu kwa mama, na kila ndugu wa tumbo moja na baba mmoja ana nafasi ya robo tu ya kulingana kabisa na mgonjwa. Nilivyosikia robo, nikapiga hesabu ya kwangu: ndugu wawili, basi nusu nzima. Sivyo. Kila mtoto ni bahati nasibu yake, na kwa ndugu wawili uwezekano wa kukosa wote unazidi wa kupata. Ndugu mwenye kubeba kinasaba cha selimundu bila kuugua anaweza kutoa, mwenye ugonjwa hawezi. Na neno moja kwa wazazi, nalisema kwa heshima: kipimo hiki kinasoma nani kazaliwa na nani. Kama kuna jambo la ndani ya nyumba, zungumzeni kwanza ninyi wawili, msije mkalikuta mbele ya daktari na watoto.

Majibu tulisubiri wiki nyingi. Nikafanya kosa lingine hapo, la upole lakini lenye kuumiza. Nilianza kumwambia binti yangu, "Wewe ndiye utakayemwokoa mdogo wako." Nilimwona anakula vizuri, anakunywa maji, anajitunza kama chombo. Simu ilipokuja, hakuna aliyelingana. Binti alikuwa nusu, mdogo alikuwa nusu vilevile. Nilimkuta jikoni amejiinamia juu ya ndoo ya vyombo, akaniambia, "Mama, damu yangu imemkataa Elia." Nikashindwa la kumjibu. Msimbebeshe mtoto mzigo huo. Mwambieni mapema kwamba hakuna anachoweza kufanya ili alingane, wala kulingana si sifa, wala kutolingana si kosa.

Ndugu wakaanza ushauri. Zaa mwingine. Hilo nalo nililibeba kwa daktari, kwa sababu nilishasikia kuwa damu ya kitovu cha mtoto ina seli shina, na ni kweli. Upandikizaji wa kwanza wa namna hiyo ulifanyika Paris mwaka 1988. Tukapiga hesabu kwenye karatasi. Mimi na mume wangu wote ni wabebaji, kwa hiyo mtoto mpya ana nafasi ya robo ya kuugua yeye mwenyewe, na robo tu ya kulingana. Kuzaa mtoto asiyeugua na anayelingana ni chini ya nafasi moja kati ya tano. Nilikuwa na miaka 41. Tulikataa, na kwa uamuzi huu sijajuta hata siku moja, ingawa kuna shangazi mpaka leo hanielewi.

Ipo pia njia ambayo haihitaji ndugu. Unachukuliwa seli shina zako mwenyewe, kinasaba kinarekebishwa maabara, kisha unarudishiwa. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na kisha Marekani ziliidhinisha tiba ya hivyo kwa selimundu, inaitwa Casgevy. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2. Ugonjwa wenyewe umejaa kwetu Afrika, Tanzania peke yake huzaliwa maelfu ya watoto nao kila mwaka, na tiba iko bei ambayo wilaya nzima haiwezi kuchanga. Linaniuma, na sitajifanya haliniumi. Lakini tiba ya 1984 nayo ilikuwa ya mbali, leo iko Dodoma. Kuhusu kisukari na Parkinson, ule ugonjwa wa neva wa kutetemeka, utafiti wa seli shina kwa sehemu kubwa bado uko kwenye majaribio, na atakayekuambia unauzwa sokoni anakudanganya.

Kwa sasa Elia yuko kwenye haidroksiyurea. Nilikuwa naidharau kwa sababu haiponyi kabisa, nikisahau ilichokuwa inafanya. Utafiti uliotolewa 2019, uliofanywa kwa watoto wa Kenya, Uganda, Angola na Kongo, ulionyesha inapunguza maumivu, kuongezewa damu, malaria na vifo. Anakunywa kidonge chake usiku baada ya kula, mwenyewe, halafu anafungua mdomo kunionyesha kwamba amemeza. Sikumwomba afanye hivyo. Alianza tulipotoka hospitali ile 2022.

Wale wanawake wawili niliowauzia, nimewarudia. Mama wa mtaani alinisamehe pale pale, akakataa hela. Wa sokoni nilimlipa 290,000 kwa awamu tatu, ya mwisho mwezi uliopita. Alizihesabu, akazifunga kwenye kanga, akasema mume wake bado anaweka akiba ya pakiti sita kabatini, anaogopa kuzitupa kwa sababu ni hela. Tulifunga meza mapema siku ile, tukaenda naye nyumbani kwake Pasua. Mzee alikuwa amekaa barazani. Nilimwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikaanza kumsimulia tangu ile saa muuguzi aliponiuliza, nikajibu jana.